Mbodze Hakuleta Chawa

Nalisema hili mapema, asije mtu akasoma nusu akaenda kulipika upya jikoni kwake. Mbodze hakuleta chawa kwenye nyumba ya mtu. Walikuwako, na mlishaji wao alikuwako vilevile, na huyo mtamjua mbele kidogo.

Mbodze ni jirani yangu hapa Tononoka, Mombasa. Mlango wake na wangu yatazamana na nguo zetu twaanika kamba moja. Ana miaka hamsini kasoro miwili, mrefu, mwembamba, na viganja vyake ukivishika utadhani umeshika msasa. Ukimuuliza kwao ni wapi atakwambia Tononoka. Ukimkazania, "La, kwenu hasa," atakwambia Kaloleni, kisha atakuuliza babu yako wewe alifika hapa kwa barua gani ya mwaliko. Watu wengi humuuliza mara moja tu.

Kazi yake ni maua. Hayauzi, huyatunza. Mji huu una watu tele wapendao maua ndani ya nyumba na ofisi, lakini kuyanywesha maji hawana wakati, na wenye wakati huyazamisha. Basi Mbodze huja na kikapu chake: mkasi, vitambaa, brashi ya meno iliyokwisha kazi mdomoni, na chupa ya maji ya sabuni. Hupangusa vumbi majani, hukata yaliyooza, hugeuza vyungu ili kila upande uonje jua, kisha huenda nyumba ya pili.

Alianza hivi. Alikuwa akifagia kwenye ofisi moja ya mawakala wa forodha kule Kilindini. Pale mapokezi palikuwa na vyungu sita, maua yamekauka kwa kumwagiwa mabaki ya chai ya kila mgeni. Mkubwa wa ofisi, mtu mmoja aitwaye Lewis, akamwambia, "Mama, toa hii takataka." Mbodze akaitoa, akaipeleka kwake, akaiweka kivulini karibu na bafu. Miezi minne baadaye akairudisha palepale ilipokuwa, majani yang'ara kama yamepakwa mafuta. Lewis akapita, akasimama.

"Haya mapya yametoka wapi?"

"Kwenye takataka yako."

Tangu siku ile akanyang'anywa ufagio akapewa maua. Karani akamwambia mkewe, mkewe akamwambia jirani, na miaka kumi na mmoja ikapita Mbodze akiingia nyumba za watu kwa kutajwa tu. Cheti hana. Bango hana. Alicho nacho ni kuwa mwanamke mmoja akiuliza, "Maua yako nani huyatengeza?" wa pili hujibu, "Mbodze." Likiharibika jina hilo hana kazi, na hakuna pahali atakapokwenda kushtaki.

Sasa sikizeni lilivyotaka kuharibika.

Nyumba kubwa katika nyumba zake ilikuwa ya Wabohora, wale Waislamu wenye asili ya Uhindi, Mji wa Kale. Chini ni duka la Bwana Nuruddin la misumari, rangi na mabomba. Juu wanakaa yeye, mkewe Areeba, binti yao Fariha, na mamake Nuruddin, ambaye nyumba nzima humwita Maa. Jina lake ni Amtulla. Maa amepita themanini, magoti yamegoma, ngazi hashuki ila kwa arusi au kwa daktari. Dunia yake ni roshani ile ya mbao inayotazama njia, na maua thelathini na nne yaliyopangwa humo: krotoni za rangi rangi, mahibiskasi, asumini, majani ya upanga, na mti wa pesa ule utambaao, umezunguka nguzo mara tatu. Kila moja Maa alijua lilitoka kwa nani na mwaka gani.

Mwaka huu Fariha alikuwa aolewe. Areeba akaamua roshani ndipo watakapokaa wanawake wa upande wa bwana arusi, kwa kuwa ina upepo. Siku moja, imebaki kama mwezi, akaenda kupima viti, akaegemea maua. Alipoinuka, buibui lake la Kibohora, jipya, la rangi ya pichi lenye lesi, lilikuwa na doa la utomvu unaonata, na juu ya doa unga mweupe.

Akalifunua jani. Chini yake, kwapani mwa shina, wamejibandika wadudu weupe, wadogo, wenye manyoya kama vipande vya pamba. Jani la pili hivyohivyo. La tatu limeanza kupata masizi meusi.

"Mbodze! Njoo hapa. Hiki ni nini?"

"Hao ndio wale niliokwambia, Mama Fariha. Mara mbili nimewapangusa na wanarudi."

"Wanarudi kutoka wapi? Hapa ghorofani wanapanda ngazi?"

"Ndilo ninalolitafuta."

"Tafuta ndani ya kikapu chako! Unatoka huko kwenu Tononoka, unaingia kila nyumba na kitambaa kilekile, halafu wauliza wanatoka wapi. Umetuletea chawa, Mbodze. Mwezi wa arusi ya mwanangu umeniletea chawa!"

Mbodze akamwambia vitambaa vyake huvichemsha kila jioni, na mimi ni shahidi, maana jiko ni langu. Hakusikizwa. Areeba alikwisha kushika simu. Yeye na wanawake wenziwe, wa Mji wa Kale na Bondeni, wana kundi lao la kupelekeana sauti, na maneno aliyoyapeleka tuliyasikia baadaye, kwa kuwa mambo mabaya hayakosi wa kuyaleta. "Jamani, yule Mbodze wa maua jihadharini naye, anatembeza chawa nyumba kwa nyumba. Kwangu ameharibu roshani nzima. Mimi nimeagiza maua ya plastiki, haya nayatupa yote."

Kabla ya alasiri, Bi Fadhiya wa Bondeni akampigia: asije kesho. Asubuhi wakapiga wawili wengine. Nyumba saba zikawa nne, na moja katika hizo nne ilikuwa ya Areeba mwenyewe, kwa hivyo hesabuni tatu.

Nilimkuta jioni amekaa mlangoni akikwangua nazi kama nazi ndiyo iliyopeleka ile sauti.

"Utafanyaje?" nikamuuliza.

"Nitakwenda kesho."

"Wapi?"

"Kwake."

"Mbodze, amekufukuza."

"Amenifukuza na jina ambalo si langu. Ningefukuzwa na langu ningekaa."

Nikafuata, kwanza kwa kumshikia ndoo, pili, nisiwaongopee, kwa sababu nilitaka kuona.

Areeba alitukuta mlangoni. Hakutukaribisha.

"Nimesema usije."

"Umesema mimi ndiye mwenye chawa. Nitawatoa wote, Mama Fariha, kisha ndiyo uniambie nisije. Leo siondoki."

"Kuna askari wa mtaa hapa."

"Mwite. Atanisaidia kubeba vyungu."

Ikatoka sauti juu kwenye ngazi, nyembamba lakini ina makali: "Mwacheni apande! Roshani ni ya nani?"

Ilikuwa ni Maa. Areeba akavuta pumzi, akasogea upande. "Siku ishirini na tano," alisema. "Jumatatu ya wiki ya arusi mkokoteni unakuja na ya plastiki. Nikimkuta mdudu mmoja, mmoja tu, vyungu vyote vinateremka. Hata hivyo vya Maa."

"Na nisipokuwa na mdudu hata mmoja?"

"Yatakaa."

"Na jina langu?"

Areeba alikwisha kugeuka.

Siku ile tulifanya kazi mpaka migongo ikasema. Mbodze alitenga yaliyougua na yaliyo mazima, akanikataza kugusa haya baada ya yale bila kunawa. Alichovya pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, akamgusa kila mdudu mmoja mmoja mpaka ule unga ukayeyuka na mdudu akageuka rangi ya kahawia. Kwenye makwapa ambapo kidole hakiingii aliingiza brashi ya meno. Kisha akanyunyiza maji ya sabuni yaliyochanganywa na mwarobaini aliouchemsha kwangu. Nyumba yangu ilinuka uchungu siku mbili. Hibiskasi mbili alizing'oa akakuta weupe mpaka kwenye mizizi. Hizo alizifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuzitupa, bila kuomba samahani. Maa aliuliza, "Haziponi?" Mbodze akajibu, "Mimi si mganga, Maa. Hizi zimekwenda."

Tukarudi baada ya siku saba. Mti wa pesa, krotoni kubwa na asumini vilikuwa vimerudi vyeupe. Vichanga, wadogo kama chembe za chumvi, lakini walikuwa tele.

Areeba alipita na sinia ya vikombe, akatazama, akacheka puani.

Mimi moyo ulinivunjika, sikufichi. Mbodze hakuchukua pamba wala brashi. Aligeuza ndoo chini juu, akaikalia mbele ya ile krotoni, akaweka mikono magotini, akatulia. Robo saa. Nusu saa.

"Yakhe, umekuja kutazama sinema?"

"Nyamaza. Tazama na wewe."

Nikainama. Mwanzo sikuona kitu. Kisha nikaona sisimizi. Tuliwaona siku zote, nani asiyewaona sisimizi Mombasa? Lakini sikuwa nimewatazama wafanyalo. Walipanda chunguni mstari mmoja, wakaenda moja kwa moja kwa wale weupe, na kila sisimizi akamgongagonga mdudu mgongoni kwa pembe zake mpaka ikatoka tone la maji nyuma. Akalinywa. Akaenda kwa wa pili. Akaja mdudu mwekundu mwenye madoa, yule ambaye hula chawa wa maua na ni rafiki yetu, na sisimizi sita wakamvamia mpaka akaruka. Na mmoja, wallahi nilimwona kwa macho haya, alibeba kichanga cheupe mdomoni akakipandisha kwenye jani jipya.

"Wanawafuga," alisema Mbodze polepole. "Mulungu wangu we. Mimi nachinja, wao wanaleta ndama."

"Basi tuwapulizie dawa tuwamalize."

"Ngoja. Hawa ni wengi mno kwa roshani ya ghorofani. Wageni hawajai nyumbani kwako kama hawapati chakula."

Akaufuata mstari kwa kidole, nyuma ya vyungu, kwenye ubao wa ukuta, nyuma ya ile krotoni kubwa. Pale pembeni palikuwa na kisahani cha kaure chenye maua ya samawati. Ndani yake punje za wali wa sukari, vipande vya biskuti, na chengachenga za haluwa. Kisahani kimeoshwa vizuri, si cha kusahauliwa. Na juu yake sisimizi weusi titi.

Adhuhuri ikafika. Wenye nyumba wakala. Kwa asiyejua, Wabohora hula wamezunguka sinia moja kubwa iliyowekwa juu ya kitambaa. Huanza kwa kuonja chumvi, kisha kitamu, kisha chakula chenyewe, na punje kwao ni amana. Haitupwi. Sinia hurudi jikoni kama imelambwa. Ila punje zikianguka kwenye kitambaa, na wenye mikono ya kutetemeka huangusha, huenda wapi? Sisi tulikuwa roshani tukila mkate wetu, tukamwona Maa anakuja na gongo lake, mkono wa pili ameukunja kama aliyeshika ndege. Akainama kwa shida nyuma ya krotoni, akaufungua mkono juu ya kisahani. "Bismillahi, kuleni," aliwaambia.

Nikafungua mdomo. Mbodze akanifinya paja, finyo la kutoa machozi.

Nilipomvuta kando kwenye ngazi nilikuwa nachemka. "Hebu nenda kamwambie Areeba sasa hivi! Mamamkwe wake ndiye anayewalisha. Jina lako limesafika, tunakwenda nyumbani."

"Ndiyo," alisema. "Na jioni itatoka sauti nyingine kwenye simu: jamani, ni Maa, kazeeka, kawajaza wadudu nyumbani. Bibi wa miaka themanini asiyeshuka ngazi. Watamcheka mpaka arusini kwa mjukuu wake."

"Wao wamekucheka wewe."

"Mimi nina miguu ya kuwafuata. Yeye hana."

Akarudi roshani, nami nyuma yake.

Alimwendea Maa kitini, akachutama mbele yake.

"Maa, hawa wageni wako unaowalisha, unajua wanafuga ng'ombe?"

"Ng'ombe gani, mwanangu?"

Akamwonyesha. Maa alivaa miwani, akaomba na kioo cha kukuzia alichosomea, akatazama muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa amebadilika.

"Ni mimi, basi."

"Ni wao. Wewe umetoa sadaka."

"Tangu magoti haya yaliponikataza kwenda kokote, Mbodze, kila siku naamka nina mtu wa kumpa. Hawa tu." Kisha akanyooka kwenye kiti. "Lakini sikizeni wote wawili. Dawa siwapulizii. Sisimizi wametajwa katika Kitabu, wana umma wao kama sisi. Wasiuawe kwenye roshani yangu. Afadhali maua yateremke."

Aliyasema hayo huku ameshika tawi la asumini. Nikamtazama Mbodze nikidhani atakasirika. Alikuwa akicheka.

"Nani amesema kuua, Maa? Mimi nataka wasipande. Kwenu zamani sukari mliwekaje, kabla ya hizi friji?"

Maa akafikiri. Kisha akapiga gongo sakafuni. "Kabati! Mamangu alikuwa na kabati la chakula la wavu. Kila mguu ndani ya kopo la maji. Hakuna sisimizi aliyevuka."

"Na chini ya roshani hii kuna duka la nani?"

Makopo matupu ya rangi Bwana Nuruddin anayo kama mchanga. Alituletea mwenyewe, hakuuliza, mwanamume aliyezoea kutouliza mambo ya ghorofani. Mbodze akaweka mabenchi mawili ya mbao katikati ya roshani, kila mguu ndani ya kopo la maji, na katika kila kopo tone la mafuta ya taa mbu wasije wakatupa kesi nyingine. Vyungu vyote vya chini juu ya mabenchi. Jani lolote lililogusa ukuta au ukingo alilikata, maana jani moja ni daraja. Mti wa pesa ulimpa taabu kwa kuwa umeizunguka nguzo. Maa alifumba macho, Mbodze akaukata ukabaki kifundo na vichipukizi vitatu. Vyungu vichache vya kuning'inia aliviacha palepale, nyaya zake akazipaka mafuta mazito ya kujipaka.

Na kisahani? Hakikutupwa. Kilihamia kwenye ngazi ya kupandia juu paani, upande wa pili wa nyumba, hatua nane kutoka chumbani kwa Maa. Maa alizihesabu hatua mwenyewe, siku ya kwanza akisaidiwa, siku ya tatu akimfukuza msaidizi. Na sisimizi wale, waliokosa njia huku na kuona meza imetandikwa kule, wakahama. Hakuna aliyeuawa, labda mpumbavu mmoja mmoja aliyejaribu kuogelea.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ni ukaidi. Kila siku ya tano tulikwenda, pamba, spiriti, brashi, sabuni, mwarobaini, maana mayai yao hufunikwa na ile pamba na leo usipoyaona kesho ni watu wazima. Mara ya pili tulipata wachache. Mara ya tatu tulimpata mmoja, kwenye kifundo cha asumini, Mbodze akamwita "bwana mkubwa" kabla ya kumgusa. Mara ya nne alitafuta kwa kile kioo cha Maa mpaka jasho likamdondoka puani, asipate.

Siku ya Jumatatu ilifika. Mkokoteni ulikuwa nje, maua ya plastiki yamefungwa kamba, yameanza kushika vumbi la njia hata kabla ya kupanda. Areeba alipanda na kitambaa cheupe cha mkononi. Nampa haki yake: alipekua kweli. Alifunua majani, akasugua makwapa, akaingiza kidole chini ya midomo ya vyungu, akapiga magoti akatazama mashimo ya maji. Krotoni ile kubwa aliipangusa jani kwa jani. Kitambaa kikabaki cheupe.

"Haya," alisema akinyanyuka. "Yakae." Akamwinamia ukingoni mwenye mkokoteni, "Rudisha!" Kisha akashika njia ya mlangoni.

"Bado," alisema Mbodze.

"Bado nini?"

"Ulitangaza natembeza chawa. Tangaza sitembezi."

"Mbodze, nina arusi. Nikikutana nao nitawaambia."

"Hukungoja kukutana nao ulipowaambia ya kwanza."

"Umeshinda, basi, wataka nini tena? Kazi yako unayo."

"Kazi hii ni yako kunipa na yako kuninyima. Jina si lako." Alisimama mlangoni, kikapu mkononi, na ule urefu wake wote. Hakupaza sauti. "Nyumba tatu zimenifungia kwa neno lako. Ulilisema kwa simu, lirudishe kwa simu. Nangoja."

"Ala! Wanisimamia nyumbani kwangu?" Uso wa Areeba ulikuwa umeiva. "Na kama si wewe, niambie, walitoka wapi? Wadudu wote hawa walishuka mbinguni? Sema! Nani aliyewaleta?"

Nilimtazama Mbodze. Neno lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi wake. Kwangu lingekwisha kutoka na kuoga. Yeye hakumtupia Maa hata jicho.

"Wadudu hutembea, Mama Fariha. Ndiyo maana ni wadudu. Mimi nimesema nangoja."

Tukasikia gongo. Maa alikuwa amesimama.

"Nipe simu hiyo."

"Maa, keti, hili halikuhusu."

"Nipe simu, Areeba. Nionyeshe pa kubonyeza. Nataka kusema na wanawake wote. Nitawaambia: mimi Amtulla ndiye niliyewalisha wadudu wa nyumba hii, kila adhuhuri, nyuma ya krotoni, kwa wali wa sinia yetu. Na Mbodze amejua siku kumi na nane na amenyamaza. Wacha wanicheke. Mimi nimewacheka wengi, sasa ni zamu yangu."

Areeba alimtazama mamamkwe wake, akamtazama Mbodze, na nikaona hesabu zikipita usoni mwake moja baada ya nyingine: siku tano za arusi, wakwe wapya, kundi zima la wanawake, na sauti ya Maa ikisimulia. Alikumbatia simu kifuani kama mtoto anayetaka kunyang'anywa.

"Hapana, Maa! Nitasema mimi."

"Sema basi, nasikia."

Akabonyeza. "Jamani, assalaam aleikum. Yale mambo ya maua yamekwisha, alhamdulillahi, kila kitu ni safi—"

"Rudia," alisema Mbodze. "Kwa baya ulilitaja jina. Na kwa zuri litaje."

Areeba akafumba macho. Akabonyeza tena. "Assalaam aleikum. Niliwaambia kuwa Mbodze wa maua analeta chawa. Nilikosea. Hakuwaleta yeye, walikuwako kwangu, na yeye ndiye aliyewatoa. Roshani iko safi, mtaiona arusini. Mbodze hana kosa." Akaachia kidole.

"Nisikizishe," alisema Mbodze.

Akasikizishwa. Mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza mkokoteni ulipiga kelele. Maa aliketi, akaomba chai.

Hatujafika hata kona ya Bondeni, simu ya Mbodze ikalia. Akaitoa, akaiangalia, akaiacha ilie mara ya pili, mara ya tatu, akitembea mwendo wake uleule. Mimi nilikuwa karibu kumpokonya. Jina la Fadhiya, wa kwanza kumkataza, lilikuwa limeandikwa pale kwenye kioo herufi kubwa, nililisoma kwa macho yangu.

Ndipo akaipokea. "Naam. Huyu ni Mbodze wa maua," alisema. "Nani mwenzangu?"